Mawazo kwenye Karatasi ya Sementi

Siku yangu ya kwanza redioni sikupewa maikrofoni. Nilipewa betri zilizokwisha nguvu, nikaelekezwa nizianike juani juu ya ukuta wa nyuma, ili ziweze kusukuma kinasa sauti kwa mahojiano mengine mawili au matatu. Nilizipanga kwa mstari, nikakaa karibu kuzilinda, maana upande wa pili wa ukuta walipita watu wengi, na betri iliyokufa kwetu bado ilikuwa na maisha marefu kwenye tochi ya mtu. Hapo ndipo Papa Léon aliponikuta. Alikuwa mkuu wa vipindi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na mkononi alishika mfuko mtupu wa sementi. Alinisalimia, akaukung'uta mfuko mpaka sote wawili tukapiga chafya, kisha akaanza kuupasua kwa wembe, taratibu, kama mtu anayechuna mbuzi.

Nilimuuliza kama kuna ujenzi. Akasema hapana, hii ni karatasi ya kazi. Upande wa ndani wa mfuko wa sementi ni safi, haupasuki ovyo, na hakuna anayekuja kulalamika kwamba umemaliza karatasi za ofisi.

Ninyi mnaobaki redioni mmezoea kuona waya uliovutwa kutoka ukuta hadi ukuta katika chumba cha mikutano, na makaratasi ya kahawia yakining'inia humo kwa vibanio vya nguo. Mmoja wenu aliwahi kumwambia mgeni kwamba ni sanaa. Sasa nimestaafu, nina nafasi ya kueleza ni kitu gani. Vyeo na mishahara nitaviruka: vyeo vilikuwa vichache, na mishahara ilifika kwa mwendo wa malori yanayokwama mpakani Kasumbalesa.

Wakati huo redio ilikuwa nyumba ya kupanga hapa Lubumbashi, mtaa wa Makomeno, na studio ilikuwa jiko la nyumba hiyo. Kuta tulizifunika kwa trei za mayai ili sauti isirudi. Meza ya mtangazaji iliwekwa juu ya sinki ambalo mwenye nyumba alikataa tuling'oe. Maji yalipokatika mtaani na kurudi, mabomba yalinguruma chini ya meza, na wasikilizaji wa jirani wakakimbilia ndoo zao kabla habari hazijaisha. Nadhani hiyo ndiyo huduma yetu ya kwanza kwa jamii, na hatukuipanga.

Mtu aliyeketi nyuma ya meza hiyo kila asubuhi alikuwa Séraphine. Saa ya kwanza ya matangazo ilikuwa yake: salamu, muziki, bei ya makala, yaani makaa, na ya unga, tena salamu. Alizungumza kama anayeongea na mtu mmoja tu, aliyekaa ng'ambo ya jiko la mbabula akipuliza makaa na kungoja maji ya chai yachemke. Mimi nilikuwa ripota wake. Nilimletea sauti za sokoni na za kituo cha basi, naye alinifundisha kwamba swali fupi hupata jibu refu, na kwamba mtu akinyamaza usikimbilie kumsaidia. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri kidogo na ujuzi kwa mbali.

Msimu mmoja wa baridi Mkurugenzi alitukusanya kwenye korido na kutueleza jambo bila kuzunguka. Pasta mmoja mwenye kanisa kubwa alikuwa anaitaka saa ya asubuhi, kila siku, na alikuwa tayari kulipa kabla. Redio ilihitaji jenereta mpya. Ile ya zamani ilikuwa inazimika katikati ya sentensi. Séraphine angehamishiwa alasiri kusoma matangazo ya vifo. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alisema kama tuna kipindi cha asubuhi ambacho watu watakisubiri kweli, tukilete kabla ya mvua za kwanza. Vinginevyo, atasaini na pasta.

Baadaye, tukiwa wawili kando ya ukuta wa betri, Séraphine aliniambia: "Adèle, mi sikatae kusema na bantu benye kulia. Lakini asubuhi, saa muntu anaamuka, njo saa yangu. Baniachie hiyo moja tu."

Papa Léon alibandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: LUNDI, KIKAO YA MAWAZO. KILA MUNTU ALETE YAKE. Angeweza kuliandika kwa Kifaransa, na kila mtu angeelewa kwamba tunatafuta idée, fikra mpya za vipindi. Hakutaka. Alijua kwamba tangazo la Kifaransa lingeleta wenye diploma peke yao, na wengine wangebaki nje wakidhani hawakualikwa. Kwa hiyo aliandika Kiswahili, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo limenilisha maisha yangu yote.

Kwa maana Lubumbashi ukisikia kwamba mtu iko na mawazo, hutarajii uvumbuzi. Unauliza ni nani amelazwa hospitali.

Jumatatu tulifika wote, na wote tulikuwa na nyuso za msiba. Mama wa caisse, mtunza fedha wetu, alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa namna ya mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Ilunga, fundi wetu wa mitambo, ambaye kwa kawaida hakuweza kumaliza kahawa bila kumtania mtu, alikaa ameinamisha kichwa. Papa Léon alikuwa amekwisha kubandika karatasi ya sementi ukutani, kalamu nene mkononi. Alitukaribisha, akasema kila mmoja aseme bila woga, hakuna atakayekatwa neno.

Mama wa caisse akaanza. Alieleza kwamba mwenye nyumba wake alikuwa amenunua kufuli na kufunga choo cha uani, na ufunguo anautoa apendapo. Watoto wanahangaika, wageni wanaaibika, na yeye usiku hapati usingizi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na alipomaliza alijifuta macho.

Papa Léon alibaki na kalamu hewani. Niliona usoni mwake dakika alipoelewa. Angeweza kusema samahani mama, sikuwa na maana hiyo, na sote tungecheka na kuanza upya. Badala yake aligeuka akaandika: Mwenye nyumba anafunga choo na kufuli. Kisha akamgeukia Ilunga.

"Mi niko na mawazo ya shemeji yangu," Ilunga akasema, "bwana ya dada yangu. Iko ku Kasumbalesa na camion, mu file, haitembeye. Dimanche banabariki mutoto. Dada anasema mutoto hataingia mu église bila baba yake. Shemeji naye anasema akiacha camion, atarudia atakuta banaacha volant tu."

Papa Léon aliandika hilo pia: lori liko kwenye foleni mpakani, mtoto anabarikiwa kanisani Jumapili, na baba akiondoka wezi watambakizia usukani tu. Na kabla hajamaliza, chumba kikaanza. Mmoja alisema shemeji atafute dereva mwenzake amlindie lori. Mwingine akasema dereva mwenzake ndiye atakayeuza matairi. Mwingine akasema sherehe isogezwe. Dada alikuwa amekwisha kununua nguo, Ilunga akajibu, na amekwisha kualika upande wa mume, watu ambao hawaalikwi mara mbili. Ndipo mtu mmoja akasema kwamba kama baba hawezi kwenda kwa mtoto, mtoto aende kwa baba.

"Na église nayo tutaitia mu minibus?" Ilunga akauliza. Tulicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Papa Léon aliandika yote, kama yalivyotoka kinywani, hata la église kutiwa kwenye minibus. Karatasi ilipokaribia kujaa, mtu mmoja alisema polepole: "Lakini hii njo émission."

Mtaona kwamba sisemi ni nani aliyetuambia kwamba hicho ndicho kipindi chetu. Hiyo ilikuwa kanuni ya Papa Léon, na aliieleza siku hiyohiyo. Neno mawazo lina watoto wawili, alisema. Mawazo yanayouma yana mwenyewe, kwa hiyo andika jina lake, ujue wa kumrudia. Mawazo yanayosaidia hayana mwenyewe. Ukiyaandikia jina, watu watabishana na jina, na la mkubwa litanenepa kuliko mengine. Tangu siku hiyo karatasi zetu zote zina majina upande wa juu na hazina majina upande wa chini. Kanuni nyingine zilikuwa mbili. Hakuna kusema hapana mpaka karatasi ijae. Na hakuna karatasi inayotupwa, hata ikiwa na upuuzi, maana wazo linaweza kufika kabla ya wakati wake, na likikosa pa kukaa litaondoka.

Mkurugenzi alipoelezwa kwamba mtu atatoa shida yake hewani na mji umpe mawazo, alicheka kwa muda mrefu. Alisema watu wana mawazo yao nyumbani, sasa tunataka kuwaongezea na ya jirani. Lakini alikubali tujaribu.

Asubuhi ya kwanza Séraphine alieleza kisa cha shemeji wa Ilunga, kwa ruhusa ya dada, kisha akawaomba wasikilizaji mawazo yao. Akataja namba ya simu ya redio, ile moja tuliyokuwa nayo. Akangoja. Hakuna aliyepiga. Alipiga wimbo, akarudi, akarudia namba. Mabomba chini ya meza yakanguruma. Simu ikalia papo hapo, sote tukashtuka kwa furaha, na mwanamke mmoja akauliza kwa heshima kama ni kweli maji yamerudi.

Baada yake walipiga wachache, na walisema kama tulivyosema sisi kikaoni. Kisha sauti nzito ya mwanamume ikasalimia kwa jina la Bwana. "Mama Séraphine," ikasema, "mi njo ule pasteur mwenye anaomba hii saa."

Kupitia kioo cha studio niliona Séraphine akiweka mikono yote miwili juu ya meza. Ilunga alinitazama, kidole kwenye kitufe, akiuliza kwa macho kama akate. Séraphine akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Tunakusikia, pasteur."

"Mutoto aende ku baba yake. Mi nitaenda nabo. Mungu haikae mu file."

Séraphine aliisogelea maikrofoni. Kisha akamuuliza mbele ya mji mzima: "Na hii saa, pasteur, ungali unaitaka?"

"Dimanche nitakujibu," akasema pasta.

Jumapili nilipanda minibus pamoja nao, kinasa sauti mapajani na betri zangu zilizopigwa jua. Dada wa Ilunga alimbeba mtoto aliyevaa nyeupe, na njia nzima alimfunika vumbi lisimguse. Watu wa upande wa mume walikuja, wakilalamika. Kasumbalesa malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka. Madereva walikuwa wamefua mashati na kuyaanika kwenye vioo vya pembeni, wabadilisha fedha walipita na vibunda vyao, na maajenti wa forodha walitembea haraka na mafaili kwapani kama watu ambao bila wao dunia ingesimama, ingawa ilikuwa imesimama tayari. Shemeji alikuwa ameazima koti. Aliposhuka kwenye kabini alimchukua mtoto kwa mikono miwili.

Pasta aliomba akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori, ili aonekane. Katikati ya sala betri zikafa. Mengine yote nilitakiwa kuyasimulia kwa kichwa, na Séraphine aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo ripoti yangu nzuri ya kwanza, kwa kuwa nililazimika kutazama. Nilitazama. Pasta aliposema amina, madereva wa karibu walipiga honi kwa shangwe. Wa nyuma yao wakasikia honi, wakadhani foleni imesogea, wakawasha injini. Wa nyuma zaidi wakafanya hivyo hivyo. Mngurumo ukaenda ukaenda mpaka mwisho wa foleni, moshi ukapanda, na ofisa mmoja akatoka ofisini mbio, bila kofia, kuuliza ni nani ametoa ruhusa.

Kwenye minibus tukirudi, pasta alikaa kiti cha mbele yangu. Aligeuka akasema: "Ambia mama Séraphine aendelee. Mi niko na mahubiri moja tu, ya dimanche. Kila siku asubuhi, nitawaambia bantu nini?" Alichukua saa ya Jumapili alasiri, akailipia kabla, Mkurugenzi akaridhika, na kipindi kikaitwa Mawazo.

Sasa, kama ningekomea hapa mngedhani kazi ya kutafuta mawazo ni furaha tupu. Nilikaa nayo muda mrefu, nawaambieni sivyo.

Kisa cha choo nacho kilikwenda hewani, mama wa caisse akiwa amekubali. Wasikilizaji walikipenda kuliko vyote. Wazo lililoshinda, na ambalo mji ulilirudia kwa vicheko kwa siku nyingi, lilikuwa kwamba wapangaji wanunue kufuli yao wenyewe, waitie juu ya ile ya mwenye nyumba, ili naye aombe ufunguo. Tulisema asante, tukapiga muziki, tukaendelea na mengine. Kulikuwa na mengine mengi. Kila siku mtu alileta lake, kila siku tuliligawa kwa mji, na jioni tulitundika karatasi mpya.

Kisha mvua zilipokolea, simu zikaanza kupungua. Waliopiga walikuwa walewale, na walisema yaleyale: vumilia, omba, ngoja. Hata Séraphine alianza kutazama saa ya ukutani. Mkurugenzi alipita kwenye korido mara nyingi kuliko kawaida. Papa Léon hakutuhubiria. Alitupeleka kwenye waya, akatuambia tusome kutoka mwanzo, karatasi baada ya karatasi. Tulisoma kwa sauti, tukicheka upuuzi wetu wa zamani. Kwenye karatasi ya Jumatatu ya kwanza, chini kabisa, pembeni, palikuwa na maneno ambayo hakuna aliyeyakumbuka: Turudie kuuliza ilimalizikia wapi.

Siku wazo hilo lilipoandikwa halikuwa na maana yoyote, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kimeanza, sembuse kumalizika. Lilikuwa limening'inia pale miezi yote hiyo likingoja tuwe na kitu cha kurudia.

Nikapewa kazi hiyo. Nikaanza na aliye karibu, mama wa caisse, kwa kuwa nilihitaji tu kuvuka korido. Nilimkuta akihesabu risiti. Nikamuuliza kwa wepesi, kama mtu anayetaka kuchekeshwa, lile jambo la kufuli liliishaje.

Hakuinua macho. Alisema walinunua kufuli, kama mji ulivyosema. Mwenye nyumba alikuta kufuli mbili, akawapeleka kwa mkuu wa mtaa. Huko iliulizwa nani alileta fitina hadi redioni, na jina lake lilijulikana na kila mtu. Aliondoka kwenye nyumba ile mvua ikinyesha, vyombo vyake kwenye mkokoteni, watoto wakishika magodoro yasianguke. Sasa walikuwa wanalala wote kwa mama yake mdogo.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, naye yumo humu humu kila siku.

"Mulinipa mawazo," akasema. "Sasa munataka niwarudishie mawazo?"

Nimeandika sentensi nyingi katika kazi hii, na nyingine zimesifiwa. Hakuna niliyoiandika inayofikia hiyo. Neno letu lilikuwa limekwenda kwake na uso mmoja na kurudi na mwingine.

Séraphine aliposikia alivua visikilizio na kuviweka mezani. Alisema pasta apewe ile saa, yeye atasoma vifo. Angalau maiti hafukuzwi nyumbani kwa ajili ya tangazo. Hakusema kwa hasira. Mimi niliona ameshaamua.

Papa Léon alimwomba jambo moja. Kabla ya kuiacha saa, arudi hewani aseme ilimalizikia wapi. Si kwa kuomba msamaha kwa maneno mengi. Aseme tu: mlitoa wazo hili, likafanyika, na hiki ndicho kilichotokea. Mama wa caisse alifikiri siku nzima, akakubali, kwa sharti kwamba asitajwe tena jina wala mtaa.

Séraphine alisoma kama anavyosoma bei ya makala. Alipomaliza hakuweka muziki. Ilikuwa kimya mpaka nikafikiri mtambo umekatika. Kisha simu ikalia, na mzee mmoja, badala ya kutoa wazo juu ya jambo la siku hiyo, akauliza: "Mbele ya kusema, mama, ule mwenye nyumba naye anaishi mu parcelle ile ile? Choo iko moja ao mbili?"

Séraphine akanitazama kupitia kioo. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuuliza kitu, hata kama mwenye nyumba anakaa kiwanja kimoja na wapangaji. Aliyefuata naye aliuliza. Na aliyefuata. Waliopiga hawakuwa wengi siku ile, lakini walikuwa wasikilizaji wa aina mpya, watu waliojua kwamba wazo lao lina mguu na linaweza kuingia nyumbani kwa mtu. Séraphine hakuiacha saa. Kuanzia hapo kila Ijumaa ilikuwa ya kurudia, nami nikawa ripota wa mwisho wa mambo. Nimekwenda mpaka Mokambo kufuata kisa kimoja cha ndugu wawili na baiskeli. Mama wa caisse alipata nyumba baada ya muda, kwa juhudi zake, si kwa mawazo yetu. Alihamia na kufuli yake.

Miaka ikaenda. Redio ilihamia jengo lenye studio ya kweli, isiyo na sinki, na wasikilizaji wengine walilalamika kwamba hawajui tena maji yakirudi. Séraphine alimfuata mumewe mjini Kolwezi na kuniachia saa ya asubuhi. Aliniachia pia onyo: nisiipende sana, si yangu. Papa Léon alipofariki, Séraphine alisafiri siku hiyohiyo, akaingia studio alasiri, akaomba yeye ndiye asome tangazo la kifo. Alilisoma lote bila kukosea neno. Alipotoka nje ndipo alipokaa chini.

Makaratasi hayakusalimika yote. Baridi moja mlinzi mpya, akiwa hana habari, alitafuta kitu cha kuwashia mbabula. Tulifika tukakuta karatasi moja imeungua nusu. Iliyobaki inasomeka: Tufanye émission ya bantu benye… Ipo mpaka leo kwenye waya. Kila kijana anayeingia redioni hujaribu kuimalizia, na nawaambieni kwamba baadhi ya vipindi vyenu vizuri vimetoka kwenye sehemu iliyoungua.

Grâce, ambaye sasa ndiye mkuu wa vipindi, alipoanza kazi hakuwa na subira na waya wangu. Alisema kuna groupe ya WhatsApp, kila mtu anaweka idée yake saa yoyote, hata akiwa kitandani. Sikubishana, maana ni kweli. Watu waoga huandika huko mambo wasiyoweza kuyasema mezani. Nilimwomba tu anitafutie wazo moja lililotolewa mwezi uliopita, lile la wauza mikate. Alipandisha kwa kidole. Akapita happy birthday, akapita rambirambi, akapita picha ya gari la mtu, akapita sala ya asubuhi, akapita happy birthday nyingine.

"Iko humu," akasema. "Niliiona."

"Iko, ndiyo. Lakini itakuita?"

Alifikiri. Yeye si mtu wa kukubali kwa adabu, na kwa hiyo ninamheshimu. Siku iliyofuata alikuja na mfuko wa sementi, akaniuliza wembe uko wapi. Groupe mnayo bado, na kila Jumatatu mmoja wenu huhamisha yaliyomo kwenye karatasi, kwa mkono. Nimeona mkilalamika juu ya mkono. Lalamikeni, lakini hamisheni. Jambo ulilolinukuu kwa mkono wako mara ya pili utaliona lina nini.

Jumatatu yangu ya mwisho Grâce aliniita kikaoni. Karatasi ilikuwa ukutani, tupu. Akasema leo mama Adèle aanze. Nilikuwa nimejiandaa kutoa wazo zuri la kuwaachia, kama inavyotakiwa kwa mtu anayeondoka. Nilipofungua kinywa halikutoka.

"Mi niko na mawazo," nikasema. "Ile ya kuuma. Kesho asubuhi nitaamuka saa ileile. Nitaosha uso. Ile saa yote nitaifanya nini? Nitasema na nani?"

Hakuna aliyecheka. Grâce aliandika kama nilivyosema, bila kulisafisha, na juu yake akaandika jina langu. Kisha wakaniletea keki na kinywaji cha munkoyo, tukapiga picha, nikaenda nyumbani.

Wiki iliyofuata nilirudi kupeleka ufunguo wa studio, ambao niliusahau kwenye mkoba. Chumba cha mikutano kilikuwa wazi. Karatasi yangu ilikuwa kwenye waya, karibu na ile iliyoungua, na chini ya jina langu palikuwa na miandiko ya kila aina. Alale. Apike mikate, tutanunua. Apigie Séraphine simu ku Kolwezi, basumbuane beye babili. Ule mutoto wa Kasumbalesa anakuwa mukubwa sasa, aende kumuuliza ilimalizikia wapi. Na chini kabisa, pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo: Atuandikie.

Nilimuuliza Grâce ni mwandiko wa nani.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Adèle," akasema, "weye njo ulitukataza kuuliza."

Nikaweka ufunguo mezani. Nikamuuliza kama kuna mfuko mtupu wa sementi anaoweza kuniazima.